Alhamisi, Saa Kumi

Mwalimu Semkiwa aliuliza kwenye paredi ya asubuhi,
"Nani ana nafasi Alhamisi?"
Mkono wangu ukapanda wenyewe,
huu mkono usiojua kukaa,
ulioniandikisha netiboli kabla sijauliza siku,
ukanitia kwenye mdahalo,
ukanipeleka skauti kwa ajili ya skafu tu.
Nilipenda skafu.

Basi nikawa mtu wa mazingira pia:
miche arobaini ya mwarobaini nyuma ya vyoo vya wavulana,
ndoo moja, haina mpini,
na bomba liko kule, kwa mlinzi.

Nyumbani Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita,
nilibandika ratiba juu ya kitanda.
Mistari kwa rula, rangi nne,
hakuna kisanduku kilicholala njaa.
Mama, ambaye hupinda kanga za watu kwa cherehani yake,
aliisogelea na uzi mdomoni, akaisoma yote.
"Kanga gani hii, mwanangu? Pindo huku, pindo huku.
Mji wake uko wapi?"
Nikacheka. Nilikuwa na haraka.

Lililonipata lilinipata Jumanne.
Hoja: simu zina faida kuliko hasara.
Kilua Mbelwa alikwisha kutumaliza kwa takwimu za kubuni,
zamu yangu ikafika, nikasimama,
nikabana visigino,
nikampigia mwenyekiti saluti.
Ukumbi mzima ulicheka hadi machozi.
Mimi zamu yangu ya machozi ilifika Alhamisi,
peke yangu, na ndoo.

Nilikwenda ofisini kujitoa.
"Unaacha ili ufanye nini?"
aliuliza Mwalimu Semkiwa, kalamu tayari.
"Hakuna, Mwalimu."
Akaandika HAKUNA kwenye daftari lake,
kwa herufi kubwa, kama jina la klabu.
Miche akakabidhiwa Kilua.
Anasema sasa imefika sitini.

Alhamisi ya kwanza sikujua pa kuiweka.
Baiskeli ilichomoka mnyororo karibu na reli,
nikaurudisha taratibu, jino kwa jino,
vidole vyeusi kwa grisi, na hakuna aliyenisubiri.
Nikanunua barafu ya ukwaju,
jua la Tanga likawahi kuila kabla yangu.
Nikakaa ukingoni mwa barabara kutazama watoto
wakigombania gololi ya nani ni ya nani.
Saa kumi na robo.
Nikakaa, nikakaa. Bado saa kumi na robo.
Moyo ulinidunda kama wa mwizi.

Alhamisi ya pili shangazi aliipokonya:
"Si umekaa tu? Hebu nifikishie hizi Makorora."
Ya tatu nililala, nikaamka na alama za mkeka shavuni.
Sikumwambia mtu.

Nadhani ni wiki hiyo nilipochora ratiba upya, kwa penseli.
Netiboli ipo. Skauti ipo, na skafu yake.
Mdahalo upo; naogopa, lakini upo.
Kwenye Alhamisi nilitaka kuandika *nafasi*,
usingizi ukaniibia herufi moja,
asubuhi nikakuta *nafsi*.
Nilitafuta kifutio,
kisha nikaacha kutafuta.
Mama alipita, akapitisha kidole juu ya kisanduku kile
kama apimaye kitambaa,
akarudi kwenye cherehani.

Kesho kuna paredi.
Wanatafuta wa kupamba ukumbi wa mahafali,
watauliza nani ana nafasi,
na mimi huu mkono wangu naujua.
Jana nilimwomba Mama anitilie mfuko kwenye sketi,
mfuko mrefu, wa kumeza mkono hadi kiwiko.
Aliuliza ni wa kutilia nini.
Nikamwambia, hakuna.