Chupa Namba Nne

Karatasi ina nafasi tano za kujaza.
Ya kwanza nimeandika: tamu.
Ya pili: tamu.
Tusekile, binti wa mezani, anacheka, kalamu mdomoni:
"Mama, asali zote tamu. Tafuta neno lingine."

Nje, Uyole imejifunga baridi yake ya Julai.
Watoto wamebandika pua kwenye mzinga wa kioo,
wanamsaka malkia mwenye nukta nyeupe mgongoni.
"Yule pale!"
"Siyo, hilo dume, halina kazi."
Ambwene kafungua kiberiti chake,
dundu mweusi, msukuma samadi, katoka,
kavuka kitambaa cha meza ya wageni rasmi
bila kusalimia mtu.

Ya tatu ni ya maua ya parachichi,
nyeusi kama dawa ya kikohozi.
Nimeandika: sukari iliyoungulia sufuriani.
"Afadhali," anasema Tusekile.

Ya nne.

Kijiti kimegusa ulimi, nikavuta kiti.
Moshi. Gome bichi. Koti la baba nyuma ya mlango,
mwaka ule aliporudi kutoka Chunya na kopo moja,
jicho la kushoto limevimba hadi kufumba,
akatulambisha kwa zamu, mdogo kwanza.
Mimi ndiye mkubwa.
Zamu yangu ilipofika pamebaki masega makavu.
Nikatafuna nta mpaka Jumapili
nikisema, tamu, baba, tamu.

Foleni inanisukuma mgongoni.
Nimeandika: Chunya.
Nikaomba kijiti cha pili.