Nukta Mbele ya Jina

Madirisha ya kompyuta yake yalikufa kabla yake.
Picha haziji tena, rangi haziji,
uso mweusi tu, na kijiti cheupe kinapepesa
kama mtu aliyepiga hodi akasahau alitumwa nini.

Twahiri wa duka la simu, kule Langoni,
alinifunza kwa robo saa na kikombe cha tangawizi:
pwd, hapo unauliza, nipo wapi?
ls, nionyeshe vilivyomo.
cd, ingia. Nukta mbili, rudi ulikotoka.
Na rm, dada, hiyo iogope.
Humu hamna jaa la kuchakura kesho.
Kilichofutwa kimekwenda.

Nikaingia kwa kaka yangu Bwanadi
kama mtu aingiavyo nyumba ya kale ya Mkomani:
daka, kisha tekani, kisha msana,
chumba nyuma ya chumba,
mpaka ndani, kwenye zidaka.

pwd
/nyumbani/bwanadi/duka/hesabu

Stakabadhi za wino na karatasi.
Kadi za harusi za watu walioachana zamani.
Faili tatu: mwisho, mwisho2, mwisho_kweli.
Nikacheka peke yangu, na matanga bado hayajaanuliwa.

Twahiri alisema pia: ls -a.
Kitu kikianza kwa nukta, hupitwa hakionekani;
hiyo a ndiyo taa yake.
Nikaiandika.

.deni

Famau Kombo, nakala arubaini, kesi ya shamba.
Bi Rukiya, picha za pasipoti, mia sita.
Mwalimu Shali, mitihani ya darasa la nane, mara mbili.
Hakuna tarehe ya kudai. Hakuna hata mmoja.
Na chini kabisa:
Dada, ada, mihula mitatu.
Ile niliyoambiwa imelipwa na basari.

Sebuleni ami anakohoa, anangoja orodha:
marehemu alikuwa anamdai nani?
Nikaenda kwanza kwa mjane, ndani ya eda yake.
Mwanashee alisikiliza majina yote, mlango nusu wazi.
"Andika," akasema, "ambavyo yeye angeandika."

Kidole kikasimama juu ya r.
Kikahama.

mv .deni .sadaka

Nukta nimeiacha palepale.

Mashine haikusema neno.
Twahiri aliniambia hata hilo:
ikinyamaza, kama mwari mbele ya kadhi,
imeridhia.