Sampuli Namba Kumi na Nne

Mfuko umefika Njiro kwa mabasi mawili,
kamba ya mkonge, mafundo matatu,
na wino mzito: MIKINDANI, MAJI KUPWA.
Naufungua. Maabara nzima inanuka chumvi.
Mimi mzaliwa wa Usa River
bahari naijua kwa harufu hii
na kwa chembe zinazobaki kwenye kucha.

Ndani, karatasi imekunjwa mara nne, imevikwa nailoni:
*Ni mimi Somoe binti Hamisi, mchokoa pweza.
Nyie mnaopima, tuambieni. Pweza wetu analika?*

Fomu haina safu ya swali hilo.

Nauweka mchanga tanurini hadi uzito ukatae kupungua.
Nauchekecha: zinabaki simbi mbili
na kigae cha chupa ya soda kilicholambwa na mawimbi.
Kisha kopo, kisha gundi mdomoni,
siku ishirini na nane usiguswe,
mpaka wana wa rediamu walingane na mama yao.
Vuli inaanza. Ndeonasia anaolewa,
anarudi kazini na keki kwenye mfuniko wa ndoo.

Ngome ya risasi, nene kama kiganja.
Humo jicho la germaniamu
limenyweshwa naitrojeni mpaka likafa ganzi.
Kwanza napima kopo tupu.
Hata utupu una hesabu yake:
saruji ya ukuta, vumbi la Meru,
na mimi mwenyewe niliyekunywa mtori alfajiri,
potasiamu ya ndizi ikibisha hodi misulini.

Natoa utupu. Kinachobaki ni cha Mikindani.

Vilele vinapanda kwenye kioo.
Urani na thori, wenyeji wa mwamba,
walikuwepo kabla pwani haijaitwa pwani.
Potasiamu, mrefu, hana haya.
Na pale, kwenye mia sita sitini na mbili,
kichuguu,
utadhani mkono wa mchoraji ulitetemeka.

Seziamu.
Huyu hakuzaliwa na mwamba.
Watu walilipua kitu mbali huko,
baba yangu akichunga mbuzi Kikatiti;
wingu likasafiri bila pasi, mvua ikalishusha,
na tangu hapo linajipunguza nusu,
kila miaka thelathini nusu,
kama deni la mwaminifu asiyemaliza kulipa.

Ni kidogo mno. Bwana Nnko anasaini,
anapuliza muhuri ukauke.

Nyuma ya karatasi ya Somoe naandika kwa penseli:
*Mchanga wako hauna neno.
Pweza sijamwona, na mchanga hamsemei pweza.
Nitumie mmoja kwenye barafu, kilo mbili.*
Nafuta mbili. Naandika tatu,
maana akikaushwa hubaki kiganja tu.
Nnko anachungulia begani, anacheka:
umeanza kudai hongo kwa kipimo.

Zile simbi sijazirudisha.
Ziko dirishani, zimeelekea mlima.
Nimezipima pia, usiku mmoja, bila fomu.