Zamu ya Maji

Daktari alichora nyuma ya bahasha
mfereji, kama falaji yetu ya Ibra:
furaha hupita humo kidogo kidogo, kwa zamu,
harufu ya kahawa, bao la dakika ya mwisho,
sauti ya mama ikituita kwa Kiunguja
katikati ya soko la mbuzi.

Kidonge, akasema, hakiji na maji yake.
Hung'oa tu jiwe na tambara la mgawa zamu,
shamba likafurika usiku mmoja,
mitende ikadhani hiyo ndiyo mvua.

Sleyum alianza na mgongo,
baada ya ajali ya barabara ya Sinau.
Viwili vyeupe. Viwili vikaita wenzao.
Ubongo si mjinga: ukiona gharika
huziba matundu yake wenyewe, moja baada ya jingine,
usizame.
Ndipo kahawa ikawa maji ya moto.
Bao likaingia, yeye kakaa.
Mama akaita,
akageuka kama aliyesikia jina la jirani.

Aliuza saa ya baba.
Akauza betri ya gari langu, nami nimo msikitini.
Nikamwita mwizi.
Hata leo sijui nilimwita nani.

Siku ya arubaini na moja, wodini Maskati.
Kikombe kinagonga kisahani.
Matundu hufunguka, anasema daktari,
polepole, na mengine huenda yasifunguke.
Sleyum anaonja. Anakunja uso.
"Iliki imezidi."

Nikatoka ukumbini kulia,
kama mtu aliyesikia maji yakija gizani,
asijue bado ni mangapi.