Pampu Ishirini na Nne

Faili lilifika Jumatatu, pembe zake zimelowa theluji,
maana tarishi hakuupangusa mkoba.
Pampu ishirini na nne, chuma kisichoshika kutu,
matumbo yake yamepakwa nikeli.
Mnunuzi: kiwanda cha maziwa ya unga.
Wameambatisha picha: tangi jeupe,
na ubavuni ng'ombe wa kuchorwa, anatabasamu
kama ng'ombe asiyejua lolote.

Maziwa hayahitaji nikeli,
aliandika mtaalamu wetu kwa penseli.
Kisha chini yake, kwa penseli ileile:
lakini nikeli haiyadhuru.

Naitwa Raili. Meza yangu iko ghorofa ya tatu, Helsinki,
dirisha linatazama reli ya tramu.
Miaka kumi na tisa naulizwa swali moja
linalobadilisha nguo tu:
kitu hiki, mikononi mwa watu wale, kitakuwa nini?
Kana kwamba chuma kina nia.
Kana kwamba kisu cha kumenyea viazi
huapa kila asubuhi kwamba hakitatoka jikoni.

Iko karatasi nyingine, ya waridi, hairuhusiwi kutoka ofisini.
Imetoka kwa wale wasio na majina.
"Yasemekana kiwanda kina ghorofa chini ya ardhi.
Haijathibitishwa. Haijakanushwa."
Nikaigeuza, nikitafuta zaidi.
Nyuma ni nyeupe.

Nikwambie habari ya klorini.
Mwaka wangu wa nne kazini niliwanyima watu wa nchi nyingine
mapipa mia tatu ya klorini, kwa kuwa klorini
huua vidudu majini, na ikifunguliwa hewani
huua mapafu. Niliionea fahari saini yangu,
mkia wake mrefu.
Kiangazi kilichofuata, kipindupindu kikaingia mabombani mwao.
Niliyasoma katika ripoti, ukurasa wa arobaini na moja,
kwenye tanbihi, herufi ndogo kama chawa:
waliokufa, wengi wao hawajatimiza miaka mitano.
Hakuna aliyenilaumu.
Naapa, hakuna hata mmoja aliyenilaumu,
na hilo ndilo linaloniamsha saa tisa za usiku.

Na pampu hizi zinaundwa wapi?
Mjini kwetu, kando ya ziwa, zamu ya usiku,
na anayezikaza skrubu ni kaka yangu Ilpo.
Jumapili, kwa mama, alinikatia mkate wa iliki,
akanipa kipande cha katikati, kile laini,
akazungumzia paa linalovuja na bei ya umeme.
Hakuniuliza.
Kutouliza kwake kulikaa nasi mezani
kama mtu wa nne, anayekula taratibu.

Mkubwa wangu, Torsti, husema:
tukikataa sisi, watanunua kwingine.
Kweli. Hata mwizi wa kuku hujitetea hivyo:
nisipomla mimi, atamla mbweha.

Alhamisi nikaandika: kumi na mbili.
Kumi na mbili ziende, kumi na mbili zibaki,
na mkaguzi atumwe kila mwaka
(mkaguzi hupewa chai, huonyeshwa ghorofa za juu).
Torsti alisoma, akavua miwani,
akaniambia nina busara.

Busara!
Nusu ya maziwa ni mtoto mmoja kati ya wawili.
Nusu ya sumu ni sumu.
Nimekitwaa nisichokijua, nikakigawa mafungu mawili sawa,
nikayaita haki,
ili nipate kuvaa koti langu na kwenda nyumbani.

Ndani ya tramu mwanamke alikuwa akimnywesha mwanawe.
Maziwa yalishuka ndani ya chupa,
mstari baada ya mstari,
nami nikayatazama, nikayatazama,
mpaka yule mama akageuza bega
akamkinga mtoto na macho yangu.