Pembeni mwa Daftari la Hesabu

Ukutani mwa chumba chake, hapa Zabrze,
vyeti vitatu: udaktari, mapafu, usingizi.
Fremu ya tatu imepinda. Haigusi.

Wagonjwa huvisoma polepole
kama wasomao majina makaburini,
kisha huvua viatu, huketi kitandani,
huuliza: Daktari Szołtysik, ulianzaje?

Huwaambia ya kwenye fremu.
Miaka sita Katowice.
Mitano akisikiliza vifua vya wachimba makaa,
vifua vinavyolia kama mlango wa stoo.
Mwaka mmoja ugenini, Ujerumani, akijifunza kusoma
ubongo uliolala, milima yake na mabonde,
nyaya ishirini zimebandikwa kichwani kwa gundi baridi.

Daftari hawaambii.

Alikuwa na miaka tisa. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili.
Baba yake Alojzy alirudi zamu ya usiku alfajiri,
kope zimepakwa wanja wa makaa
usiotoka kwa sabuni yoyote,
akalala mchana, blanketi la jeshi limeziba dirisha.
Nyumba nzima ilinyata.
Kijiko hakikugonga kikombe.
Mama alizima redio, akaahirisha hata ugomvi.

Na baba alikoroma
kama mtambo unaopandisha lifti toka mgodini,
halafu
kimya.
Bogna, mguu mmoja ndani, mmoja kizingitini:
kumi na nane, kumi na tisa,
thelathini na moja —
mpaka pumzi irudi kwa kishindo
kama mtu aliyesahau funguo.
Akaandika kwa penseli, tarehe na tarakimu,
pembeni mwa daftari la hesabu.
Mwalimu alisahihisha za katikati tu.

"Amechoka," alisema mama. "Mchovu hukoroma."
Usingizi ni nusu ya mauti, watu husema.
Yeye alitaka kujua
hiyo nusu inaishia sekunde ya ngapi.

Baba hakufa usingizini, usiharakishe.
Alikufa kituo cha tramu, saa saba mchana, macho wazi,
tiketi mfukoni haijatobolewa.

Usiku huu, chumba namba mbili,
dereva wa lori amelala chali.
Kwenye skrini mstari wa pumzi umenyooka.
Mashine inahesabu yenyewe, haikosei,
itatoa ripoti asubuhi, kurasa kumi na nne.

Chai yake imepoa.
Midomo inatembea:
kumi na nane,
kumi na tisa.