Chenza Juu ya Meza

Batumi mvua hainyeshi, huhamia.
Tulikuwa kumi na tisa, sare zetu bado zina mikunjo ya dukani.
Mwalimu Nazibrola Shainidze aliingia na mwavuli uliovunjika ubavu,
akatoa chenza moja mfukoni,
akaliweka mezani kama shahidi.

"Limechumwa Kobuleti, kwa shangazi yangu.
Chini ya mti, kilo ni lari moja.
Ng'ambo ya maji, Konstansa, ni lari nne.
Nani amezila hizo tatu?"

Tukajibu kwa pupa: Mchuuzi! Forodha! Mwenye meli!
Akamenya polepole, ganda likatoka utepe mmoja mrefu.
"Bahari," akasema. "Na mwaka huu mzima
tutakuwa tunaihesabu meno."

Andikeni:
hakuna mtu anayeitaka meli.
Mtu anataka mkate, na ngano iko kwingine.
Mkate ukikosa mlaji, meli hukosa safari,
hata iwe inanukia rangi mpya kama bibi harusi.

Tornike, ambaye baba yake huuza magari yaliyotumika,
akauliza mbona basi matajiri hawaachi kuziunda.

"Kwa sababu nauli ya shehena ikipanda
kila mmoja hudhani ni yeye tu mwenye macho.
Wanaagiza wote, mwezi mmoja, viwanda vilevile.
Miaka miwili, mitatu, chuma kinachomelewa.
Kisha zinashuka majini, zinakutana langoni mwa bandari
zikiulizana: kumbe nawe pia?"

Tulicheka. Nikaandika pembeni mwa daftari:
ugavi huchelewa, tamaa haichelewi.
Nilijiona nimeanza kuelewa.

Ubaoni akachora safu mbili.
Ya kwanza, gharama zinazotembea na meli:
mafuta, rubani, ada ya mlango-bahari.
Ya pili, zisizolala hata meli ikilala:
riba, bima, rangi ya kuzuia kutu,
chakula, na katika mstari wa tano, mishahara.
"Meli iliyotia nanga bado inakula,"
akapiga mstari chini yake, mara mbili, chaki ikakatika.

Ndipo Gvantsa akanyoosha mkono.
Gvantsa wa Khulo, kule milimani,
ambaye tangu Jumatatu hatukuwa tumesikia sauti yake.

"Kaka yangu Zaza yumo katika meli iliyotia nanga.
Huu mwezi wa saba. Mwenye meli hapokei simu.
Wanakinga mvua kwa turubai wapate cha kunywa.
Mshahara haujaja tangu Pasaka.
Mwalimu, yeye nimwandike safu ipi?"

Mvua ikaendelea na shughuli zake dirishani.

Mwalimu akafuta neno *mishahara* kwa kidole,
si kwa kifutio. Pakabaki ukungu mweupe.
"Kitabu kinasema safu ya pili," akajibu.
"Lakini deni likizidi bei ya meli yenyewe,
mwenyewe huviacha vyote viwili, akaenda zake.
Kwa hesabu, hajakosea.
Nataka mlisikie hilo vizuri: hajakosea hesabu."
Akamwomba Gvantsa jina la meli,
akaliandika kiganjani mwake kwa kalamu ya wino,
herufi kubwa, kama mtu asiyeamini karatasi.

Nilikuwa nikijua kwamba mali bila daftari
hupotea bila habari.
Zaza daftari analo. Yumo, mstari wa tano,
kati ya mchele na kutu,
na habari zake anazo dada mtu peke yake.

Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka.
Mwalimu akalipasua chenza: vipande kumi.
Akatutazama, akatuhesabu kwa midomo,
sisi kumi na tisa na yeye wa ishirini.

"Huu ndio uhaba," akasema. "Tutaanza nao Alhamisi."

Akakisogeza kipande cha kwanza kwa Gvantsa.
Gvantsa hakukila. Alikifunga katika leso,
na vile tisa vilivyobaki
vikakauka mezani, hakuna aliyevigusa.